Muhuri wa Jua

Jumatatu, 4 Machi

Mvua na maboksi vimekuja siku moja, kana kwamba vilikubaliana kuja kunikomesha. Maboksi manne, vitabu sitini na kimoja, vyote vipya, vyote vya watoto: vya picha thelathini na vinane, hadithi za ajabu ishirini na vitatu. Mkuu wetu wa maktaba alisimama mlangoni pa chumba cha watoto, akapangusa miwani kwa tai yake, akasema, "Dada, orodha ya mapendekezo iende shuleni kabla ya tarehe kumi na tano Aprili. Vitabu vyote. Usiache hata kimoja."

Nikasema sawa. Miaka kumi na tisa nasema sawa katika chumba hiki.

Paa linavuja palepale linapovuja kila mwaka, juu ya rafu ya vitabu vya picha. Nimeweka ndoo.

Jumatano, 6 Machi

Mlinzi ameniuliza kazi yangu hasa ni nini, maana ananiona nimekaa nasoma hadithi za tembo mtu mzima na mvi zangu. Nikamweleza. Kila kitabu kipya naandikia kadi: kina nini, kinamfaa nani, kwa nini ukipende. Kadi inaning'inia mbele ya kitabu kwa uzi. Chini ya maandishi napiga muhuri. Jua, kama kinaisha vizuri. Wingu, kama kinaisha kwa huzuni.

Muhuri ni wazo langu mwenyewe. Zamani mtoto mmoja alirudisha kitabu cha mbwa, macho mekundu, akaniuliza, "Mbona hukuniambia?" Kesho yake nikaenda kwa fundi mihuri. Tangu hapo watoto hawasomi kadi zangu, jamani, maneno yote yale ninayojitahidi kuyapanga! Wanatazama muhuri tu. Wengine hufuata mawingu makusudi, hasa wa darasa la sita wanaotaka kuonekana majabali.

"Kumbe wewe ni mtabiri wa hali ya hewa," mlinzi akasema.

"Ndiyo. Na sijawahi kukosea."

Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Ndoo mbili. Vitabu vitatu.

Ijumaa, 15 Machi

Vingine nakuja navyo nyumbani, namsomea mama jioni anapongoja chakula. Macho yake sasa huona mwanga na vivuli tu, kwa hiyo picha namsimulia. Alikuwa fundi wa nguo miaka arobaini na hana subira na kazi mbovu.

Leo nilimsomea cha kiboko anayeogopa maji ya kuoga. Akauliza, "Amevaa nini?"

"Hajavaa kitu, mama, ni kiboko."

"Na rafiki yake sungura?"

"Kavaa suruali."

"Mh! Sungura suruali, kiboko uchi. Aliyechora hiki hana haki." Kisha akacheka mpaka akakohoa. Kadi nimeiandika hivi: *Kinamfaa kila mtoto anayekimbia beseni, na bibi yake.* Jua.

Baada yake nikajaribu hadithi ya mji ambamo vivuli viligoma kufuata watu. Hicho nimekipenda kweli. Nimefika nusu, usingizi ukanibeba kitini, mama akaniamsha kwa kunigonga goti na fimbo yake. Goti lenyewe lile bovu.

Jumanne, 19 Machi

Kuna msichana anakuja kila Jumanne na Ijumaa, wa miaka tisa hivi, namwita Dirishani. Hakai kwenye viti. Anapanda kwenye kizingiti cha dirisha, miguu juu, na kuchagua kutoka hukohuko kwa kunyoosha kidole. Anataka vya jua peke yake. Hata nikimpa mkononi, hushika kadi kwanza, hutazama muhuri, halafu huniuliza, "Anti, una uhakika?"

"Nina uhakika."

Ndipo anachukua. Nje anangojwa na shangazi yake, mwanamke mrefu mwenye mwavuli mweusi, asiyeingia wala kusalimia. Nimekuwa nikimwona mwenye maringo.

Leo nimemuuliza Dirishani mbona anasoma haraka hivyo, vitabu viwili kwa siku tatu. Akasema hasomi mwenyewe, anamsomea mama yake hospitali. Ni tangu likizo iliyopita. "Mama akisikiliza hapigi kelele za maumivu," akasema, kama mtu anayekuambia ni saa ngapi. "Na mimi nabadilisha sauti. Majitu nayafanyia sauti nene."

Nikamchagulia cha msichana anayehifadhi upepo kwenye chupa. Jua, na nilikuwa nimekisoma chote.

Jumanne, 26 Machi

Nimechoka. Nimechoka mpaka kwenye kucha. Mvua haijakata siku sita, nguo hazikauki, mama anakohoa, goti linanipigia kelele kwenye kila ngazi. Mkuu amepita mara mbili: "Dada, tumefika wapi?" Tumefika! Yeye na nani?

Nimehesabu. Nimemaliza ishirini na tisa. Vimebaki thelathini na viwili, na vilivyobaki ndivyo vinene.

Alhamisi, 28 Machi

Leo nimeandika kadi sita kwa njia ambayo sitaki kuiandika hapa.

Jumanne, 2 Aprili

Basi niiandike, maana daftari hili halina wa kulisoma. Nasoma sura mbili za mwanzo. Nafungua katikati. Naangalia picha ya mwisho. Mtu mwenye miaka kumi na tisa kazini anajua hadithi inakoelekea. Shujaa akitoka nyumbani kwa ajili ya kitu, atarudi nacho. Picha ya mwisho ikiwa na watu wanacheka, jua. Ikiwa na mtu mmoja amegeuza mgongo, wingu. Kadi inakuja yenyewe.

Hivyo ndivyo nilivyofanya leo na vitano, kimoja kinaitwa *Taa ya Chini ya Ziwa*. Msichana anashuka ziwani kumfuata mama yake, aliyechukuliwa na malkia wa maji akamwashie taa. Mwanzo wake ni mtamu ajabu. Picha ya mwisho: mama na binti mezani, taa katikati, wote wawili wanatabasamu. Nikaandika: *Kwa mtoto jasiri anayempenda mama yake.* Nikapiga jua. Muhuri ulitoka safi, wino haukuchuruzika, nikaona raha.

Ijumaa, 5 Aprili

Dirishani kachukua *Taa ya Chini ya Ziwa*. Alivutwa na jalada.

"Anti, una uhakika?"

Nilikuwa namwaga maji ya ndoo, nimempa mgongo. "Nina uhakika."

Jumanne, 9 Aprili

Hakuja. Mvua kubwa, labda ndiyo sababu.

Ijumaa, 12 Aprili

Orodha imeondoka, siku tatu kabla ya muda. Shule kumi na nne. Mkuu alinishika mkono kwa mikono yake miwili mbele ya kila mtu na kuniita nguzo. Nikarudi nyumbani nikalala saa kumi na mbili jioni na viatu miguuni.

Dirishani hakuja.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimekaa mezani jikoni. Nisipoandika sasa nitaanza kujitafutia visingizio.

Saa nne asubuhi shangazi mtu aliingia. Kwa mara ya kwanza aliingia ndani. Aliufunga mwavuli, akaangalia pa kuuweka, akausimamisha ndani ya ndoo yangu. Akatoa kitabu kwenye mfuko wa nailoni, kimefungwa mara mbili kisilowe, akakiweka juu ya meza na kukisogeza kwangu kwa vidole viwili.

"Shikamoo, dada," akasema, na mimi nikashtuka, maana tuko rika moja. Ile ni heshima anayoitoa mtu aliyekuja kusema jambo zito. "Wewe ndiye unayepiga mihuri?"

Nikasema ndiye mimi.

"Umekisoma hiki?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na majibu mawili na yote mawili yalikuwa mabaya, basi nikakivuta kitabu karibu. Naye hakunisaidia. Maji yalidondoka kwenye ndoo, juu ya mwavuli wake, tak, tak.

"Mama yake ni wifi yangu," akasema. "Wodini hatumwambii mtoto kitu. Tumekubaliana wote, baba yake, mimi, manesi: mama atapona, mama atarudi. Basi Ijumaa ile kakaa kando ya kitanda anasoma, na sauti zake zile, malkia wa maji sauti hii, samaki sauti ile. Wodi nzima inasikiliza. Hata mama wa kitanda cha pili alizima redio. Amefika mwisho. Mama wa kwenye kitabu anamwambia binti, mimi siwezi kurudi juu, nani atawasha taa? Nenda. Na yule binti anakwenda, peke yake. Mtoto wetu akaendelea kusoma, dada, akijua mbele kuna jua. Akageuza ukurasa. Akaona ile picha ya mezani akafurahi, akaanza kuisoma kwa nguvu. Kumbe hiyo picha ni kitu ambacho yule binti anakichora ukutani kwao, ili asimsahau."

Nikasema, "Lo."

"Wifi yangu alilia. Mtoto akafunga kitabu. Hajafungua kingine tangu siku ile. Anakaa pale kitandani mikono mapajani. Jana ameniuliza jambo moja tu: mbona yule anti alisema ana uhakika?"

Nilimwomba radhi. Nilisema niliharakishwa, nilisema mvua, nilisema vitabu sitini na kimoja, na kila nilichosema kilisikika kidogo kuliko kile kilichotangulia. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kumbe hana maringo hata chembe. Ni mtu anayelala kwenye benchi la hospitali na kuamkia hapo. Macho yake yamevimba kama yangu, na zaidi.

"Sikuja kukugombeza," akasema. "Nimekuja kurudisha kitabu. Leo ni siku yake ya kurudishwa."

Akachukua mwavuli wake akaondoka. Nikafunga mlango wa chumba, nikakisoma *Taa ya Chini ya Ziwa* toka jalada hadi jalada, nimesimama. Ni kitabu kizuri mno. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ningekisoma, ningejua mtoto wa kumpa, na siku ya kumpa.

Jioni nikamwambia mama. Nilitegemea anipoze. Aliuliza, "Vingapi hukuvimaliza?"

"Thelathini na viwili."

"Na watoto wanajua vipi ni vipi?"

"Hawajui."

Vidole vyake vikapapasa upindo wa kanga yake kama anavyofanya akifikiri. "Mimi sikuwahi kumpa mteja nguo bila kuigeuza ndani nje nikavuta kila mshono," akasema. "Hata siku ya kumzika baba yako nilikuwa na sare za shule za watu. Nilizigeuza." Kisha akanisukumia bakuli. "Kula. Kesho una kazi."

Nimelia, basi. Nimelia mbele ya mama nikiwa na miaka hamsini na mbili, na yeye hakunikataza.

Jumanne, 16 Aprili

Nimekwenda kwa Mkuu kabla hajaketi. Nikamwambia yote, bila mvua na bila goti. Nikamwambia orodha irudishwe kutoka shule zote kumi na nne.

Akavua miwani. "Dada, unajua nitaonekanaje?"

"Najua. Mwambie kila mwalimu ni kosa langu, na jina langu ulitaje."

Akaipangusa kwa tai yake, nikadhani nimekwisha. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa nakuuliza tumefika wapi." Akavuta simu akaanza kupiga, shule moja baada ya nyingine, na kila mara nilisikia akisema "tumekosea". Tumekosea, kwa wingi. Sikutarajia hilo kwake.

Jumatano, 17 Aprili

Nimetoa kadi thelathini na mbili. Rafu inaonekana kama kinywa kilichong'olewa meno. Mtoto mmoja akauliza, "Anti, hivi vina nini?" Nikamjibu, "Sijui bado." Akanishangaa. Hajawahi kunisikia nikisema hivyo.

Alhamisi, 18 Aprili

Viwili. Kimoja jua, kweli. Kimoja nilichokipigia jua ni wingu zito: farasi wa mawe anabomoka.

Jumatano, 24 Aprili

Mkuu amechukua vitano kwenda navyo nyumbani. Leo nimempitia ofisini kwake nikamkuta anasoma cha vivuli vilivyogoma, kidole chini ya mstari kama mtoto wa darasa la pili, anacheka peke yake. Akaniona, akajifanya anatafuta kalamu.

Alhamisi, 25 Aprili

Mvua. Ndoo moja sasa. Kimoja na nusu.

Jumanne, 30 Aprili

Kila Jumanne na Ijumaa naangalia dirisha. Kizingiti kitupu. Watoto wengine hawakigusi, nao wamezoea kuwa ni chake.

Nimeandika barua kwa yule mtoto mara nne nikazichana zote. Nilikuwa naandika ili nisamehewe, na yeye ana mzigo wake.

Alhamisi, 2 Mei

Mlinzi amemwona shangazi mtu kituoni, na mwavuli wake. Kamuuliza habari za mgonjwa. "Yupo," ndilo jibu alilopewa. Nimelirudia hilo neno siku nzima.

Jumanne, 7 Mei

Nimemaliza. Thelathini na viwili, kila ukurasa, hata vile vitano alivyovisoma Mkuu. Kati yake nilikosea muhuri mara saba. Saba! Na watoto wangapi walivibeba kabla sijavikamata, sijui, wala sitajua.

Mama amesikiliza vingi. Cha mwisho kilikuwa cha bibi anayesafiri ndani ya wingu la mvua kutafuta nyumba yake ya utotoni. Hafiki. Wingu linamalizika kunyesha kabla hajafika, na anakuwa maji ya mto unaopita hapo mlangoni. Nilimaliza nikangoja mama aseme jambo kuhusu mavazi. Hakusema. Aliniomba nimrudishie ukurasa ule wa mto. Wingu.

Ijumaa, 10 Mei

Saa tisa na nusu. Mvua nyembamba, ya kumalizia. Nilikuwa nafunga nyuzi za kadi mpya nikasikia kizingiti kinalia. Nikageuka. Amekaa, miguu juu. Sweta ni ileile ya kila mara, viwiko vimechanika.

Nikaenda, nikasimama mbali kidogo.

"Mwanangu, nilisema nina uhakika na sikuwa nao. Sikukisoma chote. Nilikudanganya. Nisamehe."

Alinitazama bila haraka. "Shangazi kaniambia hukukisoma."

"Ni kweli."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana. Nilichoka."

Akalitafakari hilo. Anajua watu waliochoka, huyu. Amezungukwa nao.

"Mama alilia," akasema. "Halafu juzi akaniambia nikikumbuke kile kitabu, nimsimulie mwisho, ule wa taa. Nikamsimulia. Akasema tena. Mara tatu. Halafu akawafukuza shangazi na baba, wakatoka nje, akaniambia mambo."

"Mambo gani?"

"Mambo." Akageuzia uso kwenye kioo. Nilimwacha. Maji yalikuwa yakiteremka kwenye kioo, naye akafuata tone moja kwa kidole mpaka chini.

Kisha akasema, "Anasema nilete cha wingu. Anasema vya jua ananisikiliza kwa ajili yangu. Cha wingu anataka yeye."

Nilikwenda kwenye rafu. Nilijua ni kipi. Nilikitoa cha bibi, kadi ikining'inia, nikampa. Aliangalia muhuri. Hakukichukua.

"Umekisoma chote?"

Nilikuwa nimekisoma siku tatu zilizopita, kwa sauti, mpaka nukta ya mwisho. Ningeweza kuapa. Lakini lile neno, nina uhakika, lilikataa katakata kutoka.

"Nitakisoma tena," nikasema. "Sasa hivi. Utaona mwenyewe."

"Nasubiri," akasema.

Nikavuta kile kiti kidogo cha watoto, nikaketi chini ya dirisha lake, goti likalia, nikasoma. Kurasa arobaini na nane. Yeye alikuwa akichungulia kutoka juu kuhakikisha siruki. Katikati shangazi aliingia kutoka kwenye mvua, akatukuta, akavuta kiti kidogo kingine, akaketi magoti yakiwa kidevuni, asiulize kitu. Mlinzi alikuja na funguo, maana saa za kufunga zilikuwa zimefika. Akatuona, akarudi nje.

Nilipofunga jalada nikamwinulia uso. "Bibi hafiki nyumbani," nikamwambia. "Anaishia njiani, karibu kabisa na mlango. Nimekisoma chote."

"Sawa," akasema.

Akakichukua, akakiingiza chini ya sweta yake, akakishika kwa mikono yote miwili ili kisilowe, wakatoka.